Hofu ya mimba za utu uzima iko mjini, hatari iko vijijini

Kwenye makundi ya WhatsApp ya akina mama wa jiji la Dodoma, mazungumzo ya mimba yamebadilika. Miaka michache iliyopita watu waliulizana kliniki gani ina manesi wenye lugha nzuri. Siku hizi mwanamke wa miaka 36 au 38 akisema ana ujauzito, pongezi zikiisha tu anaulizwa kama ameshapima kile kipimo cha damu kinachoonyesha iwapo mtoto ana shida. Ni kipimo kinachosoma vipande vya vinasaba vya mimba vinavyozunguka kwenye damu ya mama. Zipo maabara binafsi zinazochukua damu hapa nchini na kuipeleka nje kusomwa, na gharama yake mtumishi wa kawaida hawezi kuitoa bila kujipanga. Wapo wanaokiona kuwa maendeleo, wapo wanaosema ni kumwingilia Mungu kazi yake. Naona pande zote mbili zimekosea mahali pamoja. Zote zinachukulia kwamba hatari ya kubeba mimba ukiwa umevuka miaka 35 ni kuzaa mtoto mwenye ulemavu. Katika mkoa huu hatari iliyo kubwa zaidi ni ya mama kufa, au kumpoteza mtoto wake siku za mwisho, na dalili zake hugunduliwa kwa vipimo ambavyo hata zahanati inapaswa kuwa navyo. Tena anayeibeba hatari hiyo kwa uzito kuliko wote ni yule mama wa Bahi, Chamwino au Chemba aliye na mimba ya sita au ya saba, ambaye hakuna anayemwambia kwamba amechelewa kuzaa, kwa kuwa alianza zamani.

Tuanze na hiyo namba 35, kwa sababu watu huitaja kana kwamba mwili wa mwanamke hubadilika usiku wa kuamkia siku hiyo ya kuzaliwa. Mwaka 1959 watafiti wa Ufaransa, akiwamo Jérôme Lejeune, walionyesha kwamba watu wenye hali ya Down, ambayo mtu huzaliwa nayo na huchelewesha ukuaji wa akili na mwili, wana kromosomu (vifurushi vya vinasaba vilivyomo ndani ya seli) moja ya ziada, ile ya 21. Baadaye madaktari wa Ulaya na Marekani wakaanza kuchoma sindano tumboni mwa mjamzito na kuchota maji ya uzazi ili kuzihesabu kromosomu za mtoto kabla hajazaliwa. Sindano hiyo yenyewe iliweza kuharibu mimba, hivyo isingekuwa busara kumchoma kila mtu. Katika miaka ya 1970 umri wa 35 ukachukuliwa kuwa mpaka, kwa sababu hapo ndipo uwezekano wa kukuta tatizo la kromosomu ulipoonekana kukaribiana na uwezekano wa sindano kuharibu mimba, na gharama nazo zikapimwa humo humo. Ulikuwa uamuzi wa kugawa huduma moja katika nchi zenye maabara za kutosha. Wamarekani wenyewe wameshausogeza: tangu mwaka 2007 chama cha madaktari wao wa uzazi kilishauri kwamba vipimo hivyo wapewe nafasi ya kuvichagua wajawazito wote, wa umri wowote. Sisi tumebaki na namba, sababu yake tumeiacha huko huko ilikotoka.

Uwezekano wenyewe hupanda taratibu kwanza, kisha kwa kasi. Kwa mama wa miaka 25, kupata mtoto mwenye hali ya Down ni karibu mara moja katika vizazi 1,250. Akifika 35 ni karibu mara moja katika 350, akifika 40 ni mara moja katika 100, na akiwa na 45 ni mara moja katika 30 hivi. Kwa hiyo mama wa miaka 40 anayelia usiku kwa hofu ya kromosomu ana uwezekano wa 99 kati ya 100 kwamba mtoto wake hana hali hiyo. Sisemi hivyo ili kumdharau mwanamke mwenye hofu. Namba zikisemwa zote, hofu hukaa mahali pake. Kuna kuharibika kwa mimba pia, jambo linalohusiana moja kwa moja na kromosomu na ambalo wanawake wengi hulibeba peke yao. Inakadiriwa kwamba kwa mama wa miaka 40, karibu mimba moja kati ya tatu huharibika, na sehemu kubwa ni kwa sababu yai lilikuwa na hesabu isiyo sahihi ya kromosomu. Mwanamke huyo hakunyanyua ndoo nzito kuliko inavyofaa, wala hakurogwa. Laiti ukweli huu mmoja ungefika kwa kila mama mkwe wa Dodoma, ndoa kadhaa zingepata amani.

Kipimo cha damu chenyewe ni kizuri, ila watu wengi hawakielewi, hata baadhi ya wanaokiuza. Kinaweza kufanyika kuanzia wiki ya 10 na hakimgusi mtoto. Kinagundua takriban mimba 99 kati ya 100 zenye kromosomu ya 21 ya ziada, na huwatia wasiwasi bure watu wachache sana, kama mmoja katika 1,000. Hata hivyo maana ya jibu hutegemea umri wa aliyepima. Chukua wanawake 10,000 wa miaka 40. Watoto wenye hali ya Down watakuwa kama 100, kipimo kitawaona 99, na kina mama wengine kama 10 wataambiwa kuna tatizo lisilokuwepo. Sasa chukua 10,000 wa miaka 25. Watoto wenye hali hiyo watakuwa kama 8, lakini watakaotishwa bure bado ni kama 10. Jibu lile lile, kutoka maabara ile ile, kwa mwanamke wa kwanza ni karibu uhakika, na kwa wa pili uwezekano wa kuwa si kweli unazidi nusu. Ndiyo maana wataalamu wanasisitiza kwamba hiki ni kipimo cha kuchuja, na anayeambiwa kuna shida anahitaji kipimo cha kuthibitisha kabla hajaamini lolote. Tena hakioni mgongo wazi, hakioni mdomo uliopasuka, hakioni tundu kwenye moyo. Zaidi ya yote, hakisemi chochote kuhusu presha ya mama.

Na presha ndiyo ninayotaka tuizungumze kwa kirefu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba vifo vya kina mama vimeshuka hadi 104 katika kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015/16. Ni hatua kubwa iliyostahili kushangiliwa. Lakini utafiti huo huo unaonyesha kwamba mwanamke wa Tanzania, kwa wastani, bado huzaa karibu watoto watano, na vijijini ni zaidi ya hapo. Nchi yenye uzazi wa namna hiyo haina budi kuwa na wanawake wengi wanaojifungua wakiwa na miaka 37, 40, hata 43, na wengi wao hawakuanza kuzaa jana. Mkoa wa Dodoma ulikuwa na watu 3,085,625 katika sensa ya 2022, na walio wengi wanaishi nje ya jiji. Kwa hiyo tunapotamka mama mjamzito mwenye umri mkubwa na picha inayotujia ni ya afisa wa wizara aliyehamia kutoka Dar es Salaam, akamaliza shahada ya pili kisha akaolewa, tunamwona mmoja na kuwapita wenzake kumi.

Mama huyo wa kijijini anakabiliwa na mambo mawili yanayoongezeka kadiri umri unavyosogea. La kwanza ni shinikizo la damu la ujauzito, ambalo lisipodhibitiwa huishia kwenye kifafa cha mimba. Linatambuliwa kwa mashine ya presha na kipimo cha mkojo: presha ikifika 140 kwa 90 baada ya wiki ya 20 na mkojo ukionyesha protini, hilo si la kumwambia mama akapumzike nyumbani. Dawa ya kuzuia degedege, magnesiamu salfeti, ilijaribiwa katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2002, wenye wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, na ikapunguza hatari ya kifafa hicho kwa zaidi ya nusu. Na kabla hata ya kufika huko, mama aliye kwenye hatari kubwa akianzishiwa na mtaalamu aspirini ya dozi ndogo kuanzia wiki ya 12, ikiwezekana kabla ya 16, uwezekano wa kupata tatizo hilo unapungua. Aspirini ni miongoni mwa dawa za bei ndogo kuliko zote dukani. Faida yake ipo kwa anayekuja mapema, na hapo ndipo penye kidonda chetu.

La pili ni damu. Mfuko wa uzazi uliokwisha kubeba mimba tano au zaidi ni kama mpira uliovutwa mara nyingi: mtoto akishatoka, kujikaza kunachelewa, na mishipa iliyokuwa inalisha kondo la nyuma inabaki wazi. Umri nao huongeza uwezekano wa kondo kukaa chini na kuziba njia. Kama mama huyo aliingia leba akiwa na upungufu wa damu, jambo la kawaida katika miezi ambayo ghala la uwele na mtama limekwisha na mboga ni mlenda mkavu, basi damu ambayo mwenzake angeimudu inaweza kumuua. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi nne, pamoja na Kenya, Nigeria na Afrika Kusini, zilizoshiriki utafiti wa E-MOTIVE uliochapishwa mwaka 2023. Wakunga walitandika chini ya mama plastiki yenye mistari ya kupimia damu inayotoka, na ikizidi kiwango walitoa huduma zote kwa mkupuo, bila kusubiri moja ishindwe ndipo waanze nyingine. Matokeo mabaya ya damu hiyo yalipungua kwa asilimia 60. Plastiki yenye mistari! Hakuna damu iliyosafirishwa kwenda nje ya nchi.

Kwa nini mama huyo haji mapema? Umbali ni sababu, na anayejua Bahi au Chamwino wakati wa masika anajua korongo likijaa kinachoendelea kwenye barabara ya vumbi. Ila ipo sababu nyingine tusiyoisema hadharani, nayo ni aibu. Nilikaa benchi moja na mama wa miaka 42 kwenye kliniki fulani ya serikali. Mimba ilikuwa ya miezi sita na hiyo ilikuwa siku yake ya kwanza. Binti yake mkubwa naye alikuwa mjamzito. “Ningeanza vipi kupanga foleni na mwanangu?” aliniambia kwa sauti ya chini. Alipoingia ndani nesi alimuuliza, mlango ukiwa wazi, kama bado hajachoka kuzaa. Presha yake ilikuwa juu. Kwa umri wake na mwezi alioanza, wiki ambazo aspirini ingemsaidia zilikuwa zimepita zamani, na sidhani kama swali lile lilimpa hamu ya kurudi mwezi uliofuata.

Aibu hii ina uzito zaidi kwa sababu inakutana na desturi ya kuificha mimba changa kwa kuogopa husuda, na inakutana tena na utaratibu wa baadhi ya vituo wa kumtaka mama aje na mwenza wake siku ya kwanza, la sivyo alete barua ya mtendaji au mwenyekiti. Nia ni njema, baba apimwe naye. Lakini mjane wa miaka 40, au aliyeachwa, anayepaswa kwanza kumweleza mwenyekiti wa kijiji habari za tumbo lake, atangoja hadi lionekane lenyewe.

Sasa nije kwa wanaopinga mtazamo huu, maana nimewasikia. Hoja inayorudiwa kuliko zote ni kwamba bibi zetu walizaa hadi miaka 45 bila mashine yoyote na wakalea. Ndiyo hoja dhaifu kuliko zote, na inaniumiza, kwa sababu inawahesabu waliobaki tu. Bibi anayesimulia uzazi wake wa tisa ni yule aliyepona. Aliyetokwa na damu kwenye uzazi wa saba hayupo kusimulia, na watoto wake walilelewa na shangazi au mama wa kambo. Kila ukoo wa Ugogoni, Urangini au Unyaturuni unao watoto wa namna hiyo, ukiuliza vizuri. Uzoefu wa wazee ni wa kuheshimiwa, lakini hauwezi kutumiwa kama ushahidi kwamba kaburi halikuchimbwa.

Hoja ya pili ina nguvu zaidi. Sheria yetu, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inakataza kutoa mimba isipokuwa kuokoa maisha ya mama. Basi, wanasema, kipimo cha kromosomu kina faida gani ikiwa jibu halitabadilisha chochote? Nakubali kwamba hapa lipo jambo la kuogopa. Jibu la kutisha likimfikia mwanamke kwenye simu, bila mshauri na bila kipimo cha kuthibitisha, linaweza kumpeleka uchochoroni kwa mtu asiye na ujuzi, akaiharibu mimba isiyo na tatizo na kuhatarisha uhai wake. Anayeuza kipimo bila kuandaa ushauri nasaha anabeba sehemu ya lawama hiyo. Lakini kusema kwamba kujua hakuna faida si kweli. Karibu nusu ya watoto wenye hali ya Down huzaliwa na kasoro ya moyo. Mzazi anayejua mapema anaweza kupanga kujifungulia hospitali kubwa, mtoto akapimwa moyo siku za kwanza, akapewa rufaa ya kwenda kwa mabingwa kabla hajadhoofika. Anaweza pia kuwatafuta wazazi wenzake na kuwaandaa ndugu, ili mtoto apokewe kama mtoto badala ya kufichwa chumba cha nyuma. Mwenye uwezo na anayetaka kujua asizuiwe, na asihukumiwe na kanisa lake, msikiti wake wala wifi zake. Ninachokataa ni kipimo hicho kuonekana ndiyo huduma yenyewe, mama akakilipia kisha akaruka kliniki mbili kwa sababu majibu yamekuja mazuri.

Hilo la kuruka kliniki ni hatari ya wanawake wa mjini hasa. Mwanamke wa miaka 39 mwenye mimba ya kwanza, kazi ya ofisini na vikao visivyoisha kwenye mji wa serikali wa Mtumba, ana hatari zake: presha, kisukari cha mimba, uvimbe kwenye kizazi, upasuaji. Kisukari hicho hakijitangazi kwa dalili. Kinatafutwa kwa kumnywesha mama maji ya glukosi kati ya wiki ya 24 na 28 kisha kupima sukari, na wengi hawajawahi kuambiwa kwamba kipimo hicho kipo. Huyu anahitaji pia mpango wa siku za mwisho, kwa kuwa uwezekano wa mtoto kufia tumboni baada ya wiki ya 39 huongezeka kwa mama aliyefika miaka 40, na daktari anaweza kushauri uchungu uanzishwe mapema. Anayo Hospitali ya Benjamin Mkapa kule Chuo Kikuu cha Dodoma, anayo hospitali ya rufaa ya mkoa tunayoiita General, anavyo vituo vya afya kama Makole. Kwa kulinganisha na mwenzake wa Chemba ana bahati, mradi akumbuke kwamba jibu jema kuhusu kromosomu halijapima kingine chochote.

Wapo pia wanaosema kwamba kuzungumzia umri ni kuwatisha wanawake waliosoma na kuwapa ndugu zao fimbo ya kuwachapia. Hofu yao ni ya haki. Nimesikia namba 35 ikitumiwa kumharakisha mtu aolewe na yeyote. Dawa yake ni kuisema hatari kwa ukamilifu, kwa kila mwenye umri huo, pamoja na kinachoweza kufanyika. Wengi mno wa miaka 40 hujifungua salama pale wanapofuatiliwa.

Ikiwa haya ni kweli, mambo kadhaa yanafuata. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 linashauri mahudhurio nane ya kliniki, ya kwanza ndani ya wiki 12, na ultrasaundi moja kabla ya wiki ya 24. Kwa mama aliyevuka 35, hasa mwenye mimba ya tano na kuendelea, hudhurio hilo la kwanza lina thamani kuliko mengine yote, kwa hiyo juhudi za wahudumu wa afya ngazi ya jamii zinapaswa kumtafuta yeye kwa jina, nyumbani kwake, kabla tumbo halijaonekana. Faragha kwenye chumba cha kliniki iwe sehemu ya matibabu, na nesi anayemkejeli mama mtu mzima aonekane kama aliyemnyima dawa. Sharti la mwenza lisimzuie mama kuandikishwa siku ya kwanza; baba anaweza kufuatwa baadaye. Ultrasaundi isibaki gharama ya kujitafutia mtaani huku tukisema huduma ya uzazi ni bure. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na yanapojadiliwa mafao yake kwa mama mwenye hatari, kuna presha, mkojo, wingi wa damu, sukari, ultrasaundi ya mapema, aspirini na usafiri wa dharura wa kuweka mbele ya kipimo cha kromosomu. Namba 115 ya m-mama, mfumo wa usafiri uliozinduliwa kitaifa hapa Dodoma mwaka 2022, iandikwe kwa herufi kubwa kwenye kadi yake, na mume wake aijue kwa kichwa.

Na baada ya kujifungua, kabla hajaruhusiwa kurudi nyumbani, mama huyo aulizwe kwa heshima kama anataka mwingine. Wengi wa niliozungumza nao hawakuwa wameipanga mimba ya arobaini. Walidhani umri umeshawafunga, wakaacha njia za uzazi wa mpango, wengine walichoka na kutokwa na damu kwa sababu ya kijiti na hakuna aliyewaeleza kwamba kuna kitanzi au kufunga kizazi. Mazungumzo hayo ya dakika kumi yangefanyika wodini, mume akiwepo kama mama anataka awepo, na yangehusu zaidi maisha yake kuliko kipimo chochote anachoweza kuulizwa kwenye WhatsApp.